Mshono wa dada yangu, na mganga wa Bunyoro wa mwaka 1879

Najua nimepotea, wiki tatu sijaandika kitu, na wale wa chumba changu wameshaanza kunitania eti nimeolewa kimya kimya. Sijaolewa jamani, ni testi, semina na foleni ya fotokopi. Leo ni Jumapili, umeme upo, wenzangu wameenda kufua, nimekaa kitandani na chai ya rangi na andazi la jana, nikasema ngoja nilitoe hili lililonikaa kifuani tangu TP. Ni refu kidogo, kwa hiyo kama una haraka rudi baadaye. Na wale wa History msinune, leo nina chanzo cha kihistoria kabisa, siyo porojo.

Nianzie nyumbani. Mimi ni mtoto wa Korogwe, hilo mnalijua, maana kila nikirudi likizo mnaniuliza machungwa utadhani mimi ndiye mwenye shamba. TP yangu nilipangiwa sekondari moja wilaya ya Handeni. Wenzangu walilia walivyopangiwa mbali na mjini, mimi nikashangilia, kwa sababu dada yangu mkubwa ameolewa Handeni. Kula bure, kulala bure, hela ya pango mfukoni (bodi ya mikopo msisome hapa).

Dada alikuwa na ujauzito wa pili. Nikiwa sijamaliza hata wiki ya pili ya kufundisha, uchungu ukamkamata, mambo hayakwenda, akajifungua kwa oparesheni. Mtoto wa kiume, mzima, sauti kama muuza magazeti. Siku ya nne wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Nesi alimpa maelekezo mbele yangu: mshono uwe mkavu, bandeji ifunguliwe kidonda kitazamwe, na siku ya saba arudi kukaguliwa na kutolewa nyuzi. Niliyasikia kwa masikio yangu mawili. Hospitali ilifanya kazi yake, kilichofuata ni chetu sisi wa nyumbani.

Mjuavyo, mzazi akirudi nyumbani kila mtu ni daktari. Majirani na mashangazi wakaja na uji, na maneno. Kubwa lilikuwa hili: bandeji isifunguliwe, mshono ukipigwa na upepo utaingia tumboni. Dada akakubali, na mimi sikubisha. Mzazi abishwe na mtu ambaye hata mchumba hana? Siku ya saba ikafika, shemeji kasafiri, mimi nina vipindi vinne na mwalimu wangu wa kunisimamia anakuja. Dada akasema, "Mdogo wangu, nenda kafundishe. Sina maumivu, nitaenda Alhamisi." Nikaenda.

Siku ya nane usiku kanga yake ikalowa. Siyo damu, siyo usaha. Maji mepesi ya rangi ya waridi, kama maji uliyooshea nyama. Hayanuki, hana homa. Tukampigia mama Korogwe. Mama akatulia kidogo kisha akasema, "Mshukuruni Mungu, uchafu unatoka. Ukibaki ndani ndiyo hatari." Na mimi mwanafunzi wa chuo kikuu nikaitikia amina. Tukabadilisha kanga, tukalala.

Asubuhi akapita bibi mmoja jirani, nesi mstaafu, kaleta uji wa mtama. Shikamoo bibi, marahaba wanangu, mzazi anaendeleaje? Tukamwambia uchafu unatoka, tena kwa furaha. Yule bibi akaweka chupa ya uji chini. Akanawa mikono, akafungua dirisha apate mwanga, akatoa bandeji ambayo hakuna aliyeigusa tangu turudi. Mshono kwa juu ulionekana mzuri tu, umeshikana, isipokuwa upande mmoja palipokuwa panatiririka. Akatazama, hakushtuka, akasema polepole: "Mwanangu, ungekuwa usaha ningekwambia kidonda kimeoza, tukawahi kusafisha. Haya siyo usaha. Haya yanatoka chini. Tafuteni gari sasa hivi, na wewe mama usikohoe bila kushika tumbo."

Hospitali walithibitisha. Ngozi ilikuwa imeshikana, lakini chini yake ule utando mweupe mgumu unaoshikilia ukuta wa tumbo ulikuwa umeanza kuachia. Siku hiyo hiyo akarudishwa chumba cha upasuaji akashonwa upya. Alipona. Yule kijana sasa anatambaa na ameshaharibu rimoti mbili. Lakini tungesubiri Alhamisi, akakohoa usiku mmoja vibaya... sitaki kuendelea.

Basi bwana, nikarudi chuo. Kwenye semina mwalimu akatupa kazi: kila mtu atafute chanzo kimoja cha karne ya 19 kuhusu Afrika Mashariki, akihoji kama polisi. Nani kaandika, lini, aliona mwenyewe au alisimuliwa, nani hakutajwa jina. Wenzangu wakakimbilia Livingstone na Stanley kama kawaida. Mimi kichwani nina mshono tu. Nikatafuta historia ya upasuaji wa tumbo huku kwetu, nikakutana na Robert Felkin, na tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Felkin alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa 1853, aliyesomea udaktari Edinburgh, akaja Uganda na wamisionari wa CMS. Mwaka 1879 alikuwa kijana wa miaka kama 26 hivi, yaani umri wa kaka zetu wa mwaka wa mwisho wale waliochelewa kuanza. Mwaka huo, mahali panaitwa Kahura katika ufalme wa Bunyoro, aliona kwa macho yake mwanamke akipasuliwa tumbo kutolewa mtoto. Miaka mitano baadaye, Januari 1884, akasoma maelezo yake mbele ya chama cha madaktari wa uzazi wa Edinburgh, na yakachapishwa kwenye jarida la udaktari la mji huo mwaka huo huo, pamoja na michoro.

Nawasimulia alichoandika, kwa maneno yangu. Mama alikuwa na umri kama miaka 20, mimba ya kwanza. Kalazwa kwenye kitanda kilichoinama kidogo, kichwa kimeelekea ukutani. Kanyweshwa pombe ya ndizi mpaka kalewa nusu, hiyo ndiyo nusukaputi yake. Kafungwa kwa vitambaa vya mbugu, ile nguo ya gome la mti, kifuani na mapajani, mtu mmoja kamshika miguu, mwingine katuliza tumbo. Mpasuaji kasimama upande wa kushoto na kisu mkononi, kanuia maneno yake. Kisha, na hapa naomba mtulie, akanawa mikono yake na kuosha tumbo la mgonjwa, kwanza kwa pombe ya ndizi, halafu kwa maji.

Akapiga ukelele, watu waliokusanyika nje ya nyumba wakaupokea, akachana haraka katikati ya tumbo, kuanzia juu kidogo ya kinena mpaka chini kidogo ya kitovu. Maji ya uzazi yakatoka. Msaidizi akagusa kwa chuma chenye moto sehemu chache zilizokuwa zinavuja damu. Mtoto akatolewa, kitovu kikakatwa. Mpasuaji akauminya mfuko wa uzazi kwa mikono miwili ujikaze, akaingiza mkono akafungua mlango wa kizazi kutoka ndani kwa vidole, akatoa mabonge ya damu na kondo la nyuma. Mfuko wenyewe hakuushona.

Sasa ile sehemu iliyonifanya nisimame kitandani. Kabla ya kufunga tumbo, waliweka mkeka wa majani wenye matundu juu ya kidonda, wakaufunga usitoke. Wakakata vile vitambaa, wakamgeuza mama taratibu mpaka ukingo wa kitanda, wakamlaza kifudifudi mikononi mwa wasaidizi, ili maji yote yaliyobaki tumboni yachuruzike sakafuni. Mkeka unazuia utumbo, maji yanapita! Halafu wakamrudisha chali, wakatoa mkeka, wakakutanisha kingo za kidonda kwa vijiti saba vyembamba vya chuma vilivyong'arishwa, wakavizungushia kamba za mbugu. Juu yake wakapaka rojo la mizizi miwili iliyotafunwa, wakaweka jani la mgomba lililopashwa moto, wakafunga bandeji ya mbugu kwa kukaza. Felkin anasema mama hakulia mpaka vile vijiti vilipoanza kuingia, na saa moja baadaye alionekana ametulia.

Tumzoea kusoma habari hizi tukaishia hapo, ajabu na kweli, tunapiga makofi tunafunga kitabu. Mimi nikaendelea, maana mkasa wa dada yangu ulianza siku ya saba, siyo siku ya kwanza. Na Felkin, Mungu amrehemu, hakuondoka. Alibaki akihesabu siku.

Usiku wa pili joto la mama lilipanda mpaka nyuzi 101 za Farenhaiti, yaani kama 38.3 kwa Selsiasi, na mapigo ya moyo 108. Siku nyingine halikuzidi 99.6, kama 37.6 hivi. Asubuhi ya siku ya tatu mpasuaji akafungua kidonda, akatoa kijiti kimoja. Siku ya tano akatoa vitatu. Siku ya sita vilivyobaki. Kila alipofungua alitoa usaha kidogo uliokuwepo kwa kuufuta na nyuzinyuzi laini, akapaka rojo jipya, akafunga tena bandeji kwa kukaza. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimefunga kabisa. Mama maziwa yalikuwa machache sana kwa siku kumi, kwa hiyo rafiki yake akamnyonyeshea mtoto. Mtoto naye alikuwa na jeraha dogo begani, likapona kwa siku nne.

Hesabu na mimi wadau. Siku ya tatu, ya tano, ya sita, ya kumi na moja. Mama wa Bunyoro mwaka 1879 kidonda chake kilifunguliwa kikatazamwa mara zote hizo na mtu anayejua anachotafuta. Dada yangu, na nguzo ya simu iko nyuma ya nyumba, kidonda chake hakikutazamwa hata mara moja kutoka siku ya nne mpaka ya tisa.

Haya, tumhoji shahidi kama mwalimu alivyotaka, tusije tukaambiwa tumeshabikia. Felkin ni shahidi mmoja, na tukio ni moja. Alichapisha miaka mitano baadaye. Kwa tukio moja huwezi kusema Bunyoro akina mama wote walipona. Rojo lililotafunwa mdomoni nalo, kwa elimu ya leo, lingeweza kuleta vijidudu badala ya kuviua, na pombe ya ndizi siyo kali kama spiriti ya hospitali. Tusifanye miujiza pasipo muujiza. Lakini angalia upande wa pili. Vijiti vilikuwa vimeng'arishwa tayari, msaidizi wa chuma cha moto anajua zamu yake, ratiba ya kutoa vijiti inaeleweka. Timu haikuwa inajaribu kwa mara ya kwanza. Mtaalamu wa maradhi J.N.P. Davies alilichukulia jambo hili kwa uzito, akaandika mwaka 1959 kuhusu maendeleo ya tiba katika Bunyoro-Kitara.

Na Ulaya wakati huo wako wapi? Wanahistoria wa tiba wanaandika kwamba mjini Paris, kati ya 1787 na 1876, hakuna mama hata mmoja aliyepona baada ya upasuaji wa namna hii. Mwaka 1876 Eduardo Porro wa Italia aliokoa mama kwa kuukata kabisa mfuko wa uzazi baada ya kutoa mtoto, ili usivuje na kuoza ndani. Ni 1882 ndipo Max Sänger, Mjerumani, aliposhawishi wenzake kwamba mfuko wenyewe ushonwe kwa uangalifu. Joseph Lister alikuwa ameanza kuandika kuhusu kuua vijidudu kwa asidi ya kaboliki mwaka 1867, na madaktari wengi bado walikuwa wanambishia. Kwa hiyo Felkin anaposimama Kahura 1879, haangalii watu walioachwa nyuma na dunia, maana dunia yenyewe ilikuwa bado inapapasa.

Cha kusikitisha, jina la mpasuaji halimo. La mama halimo. La mtoto halimo. Jina lililobaki ni la mtazamaji. Na Bunyoro yenyewe, chini ya Omukama Kabalega, iliingia vitani na Waingereza kuanzia 1893 mpaka Kabalega alipokamatwa 1899 na kupelekwa Shelisheli. Vita, njaa na magonjwa viliimaliza nchi. Ujuzi unaokaa mikononi mwa watu hufa na watu wake, nyie walimu wa kesho mnalijua hilo.

Turudi kwenye lile la kumgeuza mama maji yatoke, kwa sababu hapo ndipo mama yangu mzazi anaingia kwenye historia bila kujua. "Uchafu utoke, ukibaki ndani ni hatari" ni wazo ambalo madaktari wakubwa wa dunia waligombana juu yake karibu miaka mia. Mfaransa Chassaignac mwaka 1859 alieneza matumizi ya mipira laini yenye matundu, inayowekwa kwenye kidonda ili usaha upate njia. Lister naye mwaka 1871 aliweka kipande cha mpira kwenye jipu la kwapani la Malkia Victoria mwenyewe. Baada ya hapo ikawa fasheni, tumbo likifunguliwa mpira unawekwa. Ukiwa na shaka, weka mpira.

Mwaka 1905 Mmarekani mmoja, John Yates, akafanya majaribio akaonyesha jambo ambalo liliwakera wengi: huwezi kukausha tumbo zima kwa mpira. Ndani ya muda mfupi mwili wenyewe unauzungushia ule mpira ukuta, ukabaki unatoa maji ya pale ulipo tu. Na mpira ukiwa njia ya kutokea, ni njia ya kuingilia vilevile. Siku hizi uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu oparesheni za uzazi umeonyesha kwamba kumwekea kila mama mpira hakuna faida ya wazi, kwa hiyo unawekwa pale tu penye sababu, kwa mfano jipu, au pale daktari anapohofia kuvuja. Ukimwona mgonjwa wodini ana mpira na kichupa pembeni, manesi wanaandika kila siku kiasi gani kimetoka na cha rangi gani. Ule mpira ni kama dirisha, watu wanachungulia ndani bila kufungua tumbo.

Kwa hiyo mama yangu alikuwa na nusu ya ukweli. Kibaya kikiwepo ndani kinatakiwa kitoke, sawa. Ila kinachotoka kina habari, na habari inatakiwa msomaji.

Nimeuliza wenzetu wa udaktari (mmoja nimemlipa chipsi), na nimesoma, nikapata hivi. Siku mbili za kwanza hivi ngozi ya juu inajifunga, ndiyo maana mshono unaonekana umepona mapema. Huo ni mlango tu, nyumba bado. Chini, siku chache za mwanzo mwili unapeleka askari wake kusafisha, panavimba kidogo na pana joto kidogo, ni kawaida. Kuanzia kama siku ya tatu au ya nne nyama mpya inaanza kujengwa, kazi inayokwenda wiki kadhaa. Mwisho wa wiki ya kwanza mshono una nguvu kama asilimia 10 tu ya ngozi nzima, nyuzi ndizo zinazobeba mzigo. Miezi mitatu baadaye unafika kama asilimia 80, na hauzidi sana hapo maisha yote. Sasa mtu ana asilimia 10, halafu tunamwambia abebe ndoo kwa sababu juu pamekauka!

Kuhusu yanayotoka: majimaji kidogo mepesi siku mbili tatu za mwanzo, yanayopungua kila siku, hayatishi. Usaha mzito, harufu, wekundu unaosambaa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, homa, hapo vijidudu vimeingia. Na lile la dada, maji ya waridi yanayokuja ghafla kati ya kama siku ya tano na ya kumi na kulowesha nguo, hata kama hakuna maumivu wala homa, yanaweza kuwa ishara kwamba tabaka la chini linaachia. Wakati mwingine ni maji yaliyojikusanya chini ya ngozi tu. Wa kutofautisha siyo mimi wala wewe wala mama kwenye simu, ni mtu wa hospitali, na siyo Alhamisi, ni leo.

Wadau wa Tanga mtaniuliza, na huku kwetu je? UMCA, wamisionari wa Kianglikana, walifika Magila tangu miaka ya 1860, baadaye wakawa Korogwe na Kideleko kule Handeni. Dini, shule na dawa vilikuja pamoja. UMCA hao hao ndio waliomleta Leader Stirling kusini, upande wa Masasi, mwaka 1935. Alipasua watu porini miaka mingi, mpaka akaja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, 1975 hadi 1980. Lakini madaktari wa namna hiyo hawakuwahi kutosha, kwa hiyo tangu miaka ya 1960 nchi ikafundisha madaktari wasaidizi, watu waliotoka kwenye uganga wa kawaida wa zahanati na vituo, wakaongezewa masomo mpaka kushika kisu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanyika hospitali za Mwanza na Kigoma, ulikuta oparesheni nyingi za uzazi zilifanywa na hao, na matokeo yao hayakutofautiana sana na ya madaktari wenye digrii. Wengi wetu tuliozaliwa kwa kisu wilayani tulitolewa na mikono hiyo, na majina yao hatuyajui pia, kama yule wa Kahura.

Upasuaji, basi, umesogea mpaka wilayani. Ganzi ipo, nyuzi zipo, dawa za vijidudu zipo. Kinachobaki ni zile siku baada ya lango la hospitali, barabara ya vumbi, nauli, shemeji kasafiri, na shangazi anayesema upepo. Hapo ndipo yule mpasuaji wa Bunyoro alitushinda. Kwake mgonjwa hakuondoka. Aliyempasua ndiye aliyemfungua siku ya tatu. Sisi tumegawa kazi: hospitali wanapasua, nyumbani tunatazama. Halafu nyumbani hatutazami.

Niliposimulia haya kwenye semina mwalimu aliniuliza, "Sasa fundisho lako la kihistoria ni lipi?" Nikababaika, nikasema kitu kuhusu mchango wa Waafrika katika sayansi, nikapewa maksi zangu nikakaa. Jibu lilinijia usiku. Ni kwamba tunapojivunia ujuzi wa mababu tunaupenda ule wa kishujaa, kisu na ukelele na umati nje ya nyumba. Ule wa kimya wa kuamka asubuhi ya siku ya tatu, kunawa, kufungua, kufuta, kufunga tena, hatuuimbi. Na Felkin mwenyewe asingebaki kuhesabu siku, tungekuwa na sinema nzuri tu bila kujua kama mama alipona.

Nilimpigia dada jana kumwambia nitaandika, nikaomba ruhusa. Akacheka, akasema andika, ila usiweke jina. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua. Eti usiku ule wa siku ya nane alitaka kufungua bandeji mwenyewe atazame, akaogopa tutamwona mjuaji. "Ningekuwa na mtu mmoja tu wa kuniambia fungua," akasema. Na mimi nilikuwa chumba cha pili nasahihisha madaftari.

Kwa hiyo wadau, mkienda likizo mkakuta dada, shangazi au mke wa kaka kapasuliwa, msiishie kumbeba mtoto na kupiga picha. Muulizeni kwa heshima, mshono ukoje? Nawa mikono, fungua dirisha, tazama. Tarehe ya kurudi hospitali iandikwe ukutani, na nauli iwekwe pembeni kabla ya hela ya soda za wageni. Ukiona maji, usiseme amina kama mimi.

Yule bibi nesi mstaafu nilimpelekea kanga kabla sijaondoka Handeni. Akaipokea, akaniambia, "Mwanangu, sikufanya kitu, nilitazama tu."

Haya, wenzangu wamerudi na ndoo, wanataka kitanda cha kukunjia nguo. Maoni yenu nayasubiri, hasa wale wa Muhimbili mnisahihishe nilipoteleza. Tuko pamoja.